Nambari Nilizoandika Mlangoni

Maringo, Nairobi
Jumatano, 9 Julai 1980

Mpendwa Nzioka,

Leo jua halikutoka. Manyunyu yalianza kabla ya kupambazuka, yakalala juu ya mtaa mzima kama blanketi lililoloa, na hata sasa saa moja ya jioni vidole vyangu havijapata joto la kushika kalamu sawasawa. Mueni yuko upande wa pili wa pazia, anakatakata sukuma wiki. Amekwisha kuniuliza mara mbili nina nini. Nimemwambia ni baridi.

Si baridi.

Nimefanya kosa kazini. Nimelifanya kila asubuhi kwa muda wa wiki sita bila kujua, na leo ndipo nimelijua. 

Acha nikueleze taratibu, kwa maana ulipoondoka mimi nilikuwa bado napiga deki wodini. Tangu mwaka jana nimehamishiwa chumba cha mazoezi. Ni chumba kirefu chenye vitanda viwili vya mbao, vyuma vya kushikilia, ngazi ya vidato vinne isiyokwenda popote, na saa kubwa ukutani. Huja watu waliovunjika miguu, waliopooza upande mmoja, walioumia vichwa, wakafundishwa upya kusimama na kutembea. Mwenye chumba ni Bi. Njeri, binti mwembamba wa Nyeri aliyesomea kazi hiyo. Wagonjwa humwita Daktari, naye hachoki kuwaambia yeye si daktari.

Bi. Njeri ana jambo moja analolishughulikia kuliko yote, nalo ni kupima kizunguzungu. Husema mguu mbovu unauona, mkono mbovu unauona, lakini kizunguzungu kimo ndani ya mwenyewe, na hakuna kipimajoto cha kukitia kwapani. Kwa hiyo hukipima kwa njia mbili. Kwanza mgonjwa husimama miguu pamoja, macho amefumba, naye huangalia saa aone atadumu sekunde ngapi kabla ya kuyumba. Pili mgonjwa huulizwa ataje nambari, kutoka sifuri hadi kumi. Sifuri maana yake dunia imetulia. Kumi maana yake huwezi kuinua kichwa.

Kuuliza nambari ni kazi yangu mimi.

Swali lenyewe ni refu. Alinifundisha hivi: mwache mgonjwa aketi, apumue, nawe uketi mbele yake, kisha umuulize pole pole, "Tangu jana, ulipoinama, ulipogeuka, ulipoinuka kitandani, kizunguzungu kilikuwa ngapi?" Halafu niandike kwenye kadi yake. Mgonjwa akiandikiwa sifuri au moja mara nne mfululizo, na akisimama vizuri mbele ya saa, anaruhusiwa kwenda zake.

Unajua niliishia darasa la saba. Siku niliyokabidhiwa kalamu ile nilikuja nyumbani nikamwonyesha Mueni doa la wino kwenye kidole kana kwamba ni pete. Metroni hakupenda. Alisema msaidizi ni wa ndoo na shuka, si wa kadi. Bi. Njeri alinitetea mbele yangu. Alisema, "Huyu mama anaandika vizuri kuliko mimi, na wagonjwa wanamwambia ukweli." Metroni akajibu kwamba likitokea kosa, litakuwa la Bi. Njeri mwenyewe.

Wiki za kwanza niliketi nao kama nilivyofundishwa. Baadaye foleni ikawa ndefu, benchi likajaa hadi nje kwenye veranda, nami nikatafuta njia ya mkato. Nikaanza kusimama mlangoni. Mtu akiingia, napokea kadi, namsalimu, namuuliza, naandika, anapita. Ikaenda haraka. Na nambari zikashuka, Nzioka. Zilishuka vizuri sana. Saba zikawa mbili, nne zikawa sifuri. Bi. Njeri alizipanga kadi juu ya meza akanichekea kwa furaha, akasema huenda mazoezi yake ya kugeuza shingo yanafanya kazi kuliko alivyotarajia.

Nami nilijivuna.

Sasa kuna mgonjwa mmoja anaitwa Mzee Kilonzo. Ungempenda. Ni wa kwetu Ukambani, mchongaji, ana kigoda chake kwenye banda la wachongaji kule Majengo. Mwezi wa Machi alikuwa akishusha magogo ya muhugu kutoka kwenye lori, akateleza, akaanguka chali na kugonga kisogo. Mguu wa kushoto ulimlegea, ukapona. Kizunguzungu ndicho kilichomleta kwetu. Kusimama anasimama kama mlingoti, hata macho akifumba. Shida yake ilikuwa kuinama. Na kazi ya mchongaji, wewe uliiona kwa mjomba wako, yote ni kuinama. Unaketi chini, gogo umelibana kwa nyayo mbili, na tezo unaishusha kuelekea kwako, kati ya vidole vya miguu yako mwenyewe.

Tena ana haraka. Vigoda kwenye banda lile ni vya kuhesabu, na kuna vijana wanasubiri nje. Mwezi huu ukiisha bila yeye kurudi, mwenyekiti wa banda atampa mtu mwingine nafasi.

Leo asubuhi aliingia amevaa lile koti lake la kahawia, kofia mkononi. Nilimsalimu.

"Habari ya asubuhi, Mzee?"

"Nzuri."

"Watu wa nyumbani?"

"Wazima."

"Na baridi hii?"

"Tumeizoea."

"Kizunguzungu?"

"Hakuna."

Nikaandika sifuri. Ilikuwa ya nne. Bi. Njeri akaiona kadi, akamsimamisha mbele ya saa, akamwambia, "Mzee, Ijumaa nakuaga. Utarudi kazini."

Pale kwenye benchi palikuwa na Kamau, yule muuza vitunguu wa Gikomba aliyegongwa na mkokoteni. Hao wawili wamezoeana kwa matusi. Kamau akapaza sauti, "Mkamba anarudishiwa tezo! Daktari, wachongaji wenzake waambiwe wahesabu vidole jioni na asubuhi."

"Nyamaza, muuza vitunguu," Mzee Kilonzo akasema. "Wewe hata mizani yako ina kizunguzungu. Kilo moja inayumba hadi inakuwa robo tatu."

Benchi zima likacheka. Hata mimi nilicheka. Nakumbuka nilicheka, na sasa kicheko hicho kinanisumbua.

Saa nne ilipofika niligawa chai. Mzee Kilonzo alikuwa ameketi mwisho wa benchi, anasubiri zamu yake ya ngazi. Nikaweka kikombe chake sakafuni karibu na mguu, kama ninavyofanya kwa wote, kwa sababu meza hatuna. Akakitazama. Akainama nusu, akasimama pale pale, mkono hewani. Akairudisha shingo juu polepole sana, kama mtu aliyejitwisha mtungi. Kisha akashika ukingo wa benchi kwa mikono miwili.

"Mama Mueni," akaniambia kwa sauti ya chini, "hii sakafu yenu mliimwaga ikiwa imeinama?"

"Hapana, Mzee. Iko sawa."

"Basi ni mimi."

Nikamwokotea kikombe, nikachuchumaa mbele yake. Nikamuuliza tangu lini. Akasema tangu lori. Hakijaisha hata siku moja. Kimepungua kidogo akiwa wima, lakini akiinama ardhi inamkimbia.

"Lakini asubuhi umeniambia hakuna."

Alinitazama kwa mshangao wa kweli. Hakuwa mtu aliyefumaniwa na uongo.

"Asubuhi ulikuwa unanisalimu," akasema.



"Mtu anasalimiwa mlangoni aanze kulia?" akaendelea. "Kwanza ni nzuri. Ukishaketi, ukishapewa maji, ndipo unasema ila. Wewe hukukaa ukangoja ila."

Nikamuuliza nambari, kama nilivyofundishwa, swali zima na maneno yake yote. Alifikiri. Akasema saba. Asubuhi akiinuka kitandani ni nane. Akiokota kitu chini ni tisa.

Niliinuka nikamwendea Kamau. Kadi yake ilikuwa na moja. Nilimuuliza vile vile, nimeketi kando yake. Akasema nne, tena akaongeza kwamba akitazama juu darini ni sita. Nikamuuliza mbona mlangoni alisema kidogo tu.

"Mama, mlangoni hata kofia sijavua! Nikuletee shida zangu na kofia kichwani? Si nitaonekana mtu hana adabu."

Mwanamke aliyekuwa nyuma yake akatikisa kichwa kukubali. Yeye naye alikuwa na sifuri. Akasema tano.

Hapo ndipo nilipoelewa. Sikuwa nimepima kizunguzungu cha mtu yeyote. Kwa wiki sita nilikuwa nimeandika salamu.

Nzioka, nitakuambia jambo ambalo sijamwambia Mueni wala dada yako.

Mimi nilipaswa kulijua hili kuliko watu wote. Miaka kumi na minane nilikaa nawe. Hukuwahi hata siku moja kuniambia vibaya mlango ukiwa bado wazi. Ulikuwa ukirudi na gari la mikate umechoka hadi macho mekundu, nikikuuliza unasema salama. Unavua viatu. Unapuliza chai mara tatu, sijui kwa nini tatu. Unaketi na kile kijisanduku chako cha kiberiti chenye vifungo, unavipanga kwenye meza. Halafu, kikombe cha pili kikiwa nusu, unasema, "Ila." Na baada ya "ila" ndiko yalikokuwa maisha yetu yote. Ila bosi amenikata mshahara. Ila mama hapati usingizi. Ila kichwa hiki.

Jumatatu ile nilikuwa zamu ya mapema. Nilikuuliza nikijifunga kitambaa, mkono mmoja uko kwenye kitasa. "Umeamkaje?" Ukasema, "Nimeamka vyema." Nikachukua neno hilo nikaondoka nalo.

Ulianguka kwenye mifereji ya maji ya mtaa, saa mbili kasorobo, mswaki mkononi. Daktari alisema ni presha. Mama Otieno wa nyumba ya tatu aliniambia baada ya mazishi kwamba wiki nzima alikuona ukishika ukuta ukienda bafuni. Watu wa laini nzima ya nyumba zetu walikuona. Aliyekuuliza ni mimi peke yangu, na nilikuuliza nikiwa nimeshika kitasa.

Basi.

Kuanzia saa nne na nusu hadi saa tano na nusu nilipiga deki sakafu ile ile mara mbili. Bi. Njeri alinishukuru. Nilikuwa najiambia nitamwambia akimaliza na huyu. Alipomaliza na huyu nikasema akimaliza na yule. Nilikuwa naona uso wa Metroni. Nilikuwa naona nimerudishwa kwenye ndoo, na hilo ningelivumilia, lakini nilimwona pia Bi. Njeri amesimama mbele ya meza ile anaambiwa, si nilikuonya?

Na sasa naandika lile ambalo naona aibu kuliko yote.

Sifuri ni rahisi kuigeuza. Ukiipandishia mkia mmoja tu kwa juu, inakuwa sita. Nilipokuwa peke yangu pale mezani nilitoa kadi ya Mzee Kilonzo, nikachukua kalamu, nikaipandishia sifuri ya leo mkia. Nilifikiri itatosha. Bi. Njeri ataona sita, ataahirisha Ijumaa, mzee atakuwa salama, na hakuna atakayejua kitu. Wengine nitawatengeneza polepole, siku kwa siku, nikiwauliza vizuri.

Nikaitazama. Sifuri ilikuwa imekauka tangu asubuhi, mkia ulikuwa ungali unang'aa kwa wino. Sita baada ya sifuri tatu. Bi. Njeri angefikiri mzee ameshikwa na ugonjwa mpya tangu jana. Angempeleka akapigwe picha ya kichwa, angemtafutia lisilokuwapo. Nilikuwa nimeongeza uongo juu ya kosa, na kosa lilikuwa bado pale pale chini yake.

Nikaenda na ile kadi kabla wino haujakauka, kwa kuogopa kwamba ukikauka sitakwenda.

Nilimwambia yote. Nilianza na mkia, kwa sababu ndio uliokuwa unanichoma. Kisha mlango. Kisha salamu. Nilisema vibaya, nikirudia rudia. Bi. Njeri hakunikatiza. Alivuta kiti akaketi. Aliomba kadi zote, akazifungua moja moja, nikaona kidole chake kikipita juu ya zile nambari zilizomfurahisha.

"Nilidhani ni shingo," akasema. "Nilidhani ni yale mazoezi."

Hakuna alilosema leo lililoniuma kama hilo.

Kisha akauliza ni kina nani wameshaenda kwa nambari za mlangoni. Nilimtajia wawili: yule mama wa Shauri Moyo, na yule askari wa usiku wa Makongeni. Nikamwambia nyumba zao nazijua, nitakwenda mwenyewe kuwaita warudi. Akaitikia kwa kichwa. Akasema kesho saa tatu atakwenda kwa Metroni, na kwamba ingefaa niwepo. Hakusema kwa ukali. Hakusema kwa upole pia.

Halafu akamwita Mzee Kilonzo akamweleza kwamba Ijumaa haipo. Atabaki angalau mwezi mmoja, wataanza mazoezi mengine ya kulala na kugeuka, na tezo asiishike kabisa.

Mzee hakumjibu yeye. Alinigeukia mimi.

"Nilikuambia kama mama wa kwetu," akasema, "ukaenda ukaandika kama askari."

Nilijaribu kusema kitu kuhusu vidole vyake, kuhusu miguu yake. Akainua mkono.

"Vidole ni vyangu. Kigoda changu kitakaliwa na kijana wa jana. Umeniandika mgonjwa, Mama Mueni. Usiku mwema." Ilikuwa saa sita mchana.

Akavaa kofia akaelekea mlangoni. Pale kizingitini kuna daraja moja la kushuka. Alisimama. Alihitaji kutazama chini apate kulishuka, na kutazama chini ndiko kunakomwangusha, na benchi zima lilikuwa linamtazama. Ukuta ulikuwa karibu, hakuushika. Mimi sikuthubutu kumwendea. Nilijua mkono wangu ndio mkono mmoja ambao asingeushika.

Kamau ndiye aliyeinuka. Alichechemea hadi pale, akamwekea bega.

"Twende, mzee. Mimi nakwenda Gikomba, wewe Majengo. Na usinishike kwa mapenzi, watu watasema. Nishike kwa sababu serikali imejenga barabara ikiinama upande."

"Muuza vitunguu," Mzee Kilonzo akasema. Lakini alilishika lile bega.

Mchana wote niliwauliza waliobaki, nimeketi, mmoja mmoja. Niliona jinsi wanavyongoja. Anaketi, anakunja kadi, anatazama mikono yake, anasema nzuri. Mimi nanyamaza. Halafu inakuja. Kazi ilikwisha saa kumi na moja badala ya saa kumi, na Bi. Njeri hakulalamika.

Sikuja nyumbani moja kwa moja. Nilipita Majengo.

Niliwaza njiani kote kwamba nitamkuta ameshika tezo. Mtu mwenye hasira hufanya lile alilokatazwa. Nilikuwa natembea haraka, na kila banda nililolipita nilisikia tak, tak, tak ya chuma kwenye mti, na kila mlio nilifikiri ni wake.

Nilimkuta ameketi kwenye kiti cha kuegemea, mgongo wima, twiga wa mti juu ya mapaja, anapiga msasa. Msasa ni kazi ya wanagenzi na ya wanawake wa wachongaji. Mwenyekiti wa banda, mtu mnene mwenye vumbi la mti kwenye nyusi, alikuja akaniuliza kama mimi ndiye yule wa hospitali. Kamau alikuwa amekwisha kupita akawatangazia wote kwamba mzee wao ana ardhi inayoinama.

"Sasa, mama," mwenyekiti akaniambia, "mbona hili hatukuambiwa tangu Machi? Sisi tukimuuliza anasema hajambo. Tukadhani amepona, anategea kazi tu."

Nikamuuliza habari ya kigoda. Akasema mtu anayepiga msasa yupo bandani, na aliyepo bandani hanyang'anywi kigoda. Ndiyo sheria yao, ila mzee mwenyewe hakutaka kushushwa hadi kwenye msasa. Nilimshukuru mara mbili.

Nilimsogelea Mzee Kilonzo nikamwamkia. Msasa ulikwenda juu ya shingo ya twiga, ukarudi.

"Unanizibia mwanga," akasema.

Nikasogea. Kisha nikaja zangu nyumbani.

Nimeandika hadi hapa na chai imepoa. Sijui kama Ijumaa atakuja. Ana sababu ya kuja na ana sababu ya kutokuja, na mimi nimo katika hiyo ya pili. Kama hatakuja, ataendelea kuketi wima na msasa wake mpaka siku itakapotokea kazi ya haraka na mtu wa tezo hayupo. Najiuliza kama ningemwambia yeye kwanza, kabla ya Bi. Njeri. Kama ningemwomba ruhusa. Angekataa, nadhani. Kisha ningefanya nini?

Sijutii kusema. Najutia wiki sita.

Kesho nitaamka mapema nipite Shauri Moyo kwa yule mama, kabla hajatoka kwenda kuuza. Nitaomba niketi kwanza. Kisha saa tatu nitasimama mbele ya meza ya Metroni pamoja na Bi. Njeri, na nitasema kosa ni langu kabla yeye hajafungua kinywa. Nimejizoeza sentensi hiyo mara nyingi tangu Majengo na bado inanitoka vipande vipande. Naogopa, Nzioka. Naogopa kama nilivyokuwa naogopa simu ya maandishi iletayo habari za msiba.

Mueni amenifungulia pazia, sahani mkononi, ananiuliza tena nina nini. Safari hii amevuta kigoda akaketi. Nitamwambia.

Huko uliko, kama mnaruhusiwa kutufikiria sisi tuliobaki, kesho saa tatu unikumbuke. Na huyu mzee umkumbuke pia, asije akainama.

Wako,
Mama Mueni